MONSENYERI MUNZIHIRWA ALIYEKATAA KUKIMBIA

Wanafunzi wenzetu, siye Waprotestanti tunamheshimu pia Monsenyeri Christophe Munzihirwa. Alizaliwa mwaka 1926 kule Burhale, akawa Mjezwiti, na mwaka 1994 Askofu Mkuu wa Bukavu. Mwaka ule wakimbizi wa Rwanda walijaa mji wetu. Aliandikia inchi za nje barua nyingi ili zigeuze maamuzi yao: wakimbizi warudi kwao kwa usalama, na Kivu ipate amani. Masoda wa Zaire walipowapora raia, aliwakaripia wazi. Vita ilipofika, wakubwa walikimbia. Yeye alibaki, juu raia walibaki. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa na maaskari pale Nyawera. Barua zake hazikusikiwa. Tuzisome basi siye, na tusiogope kuandika zetu.