Lumumba: kiongozi anapimwa kwa nini?

Patrice Lumumba alizaliwa Onalua, Sankuru, tarehe 2 Julai 1925. Tukimupima kwa masomo, hakufika universite. Alikuwa karani wa posta Stanleyville, leo Kisangani. Tukimupima kwa miaka ya utawala, serikali yake ya 1960 haikumaliza miezi 3, naye akauawa 17 Januari 1961, akiwa na miaka 35. Mobutu alitawala tangu 1965 mpaka 1997.

Lakini tuhesabu kura. Vyama vingi vilisimama juu ya kabila ao jimbo moja. MNC ya Lumumba iliomba kura inchi nzima, ikapata viti 33 kati ya 137, kupita chama chochote.

Wakaaji wa Pinga, kipimo hicho kinatuhusu: kiongozi anakusanya watu wangapi wasio wa kabila lake?