Williamson: Mjiolojia aliyeifanya Mwadui ijulikane duniani

Mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, bado unabeba jina la Dkt. John Williamson, raia wa Kanada aliyefariki mwaka 1958. Je, alikuwa nani?

John Thoburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, jimbo la Quebec. Alisomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill hadi shahada ya udaktari, kisha akaja Afrika mwaka 1934. Alifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kabla ya kuhamia Tanganyika, kwenye machimbo ya almasi ya Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Kampuni iliyomwajiri ilipokata tamaa, yeye aliendelea kutafuta kwa fedha za kuungaunga. Mwaka 1940 aligundua mwamba wa kimbalaiti Mwadui. Una ukubwa wa hekta 146 hivi, na ni miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, alimsaidia kwa mtaji na kuwa mshirika wake.

Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Ilikatwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier, nyumba maarufu ya vito na saa za kifahari, ikaiweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Mwadui ukawa mji wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege. Williamson, ambaye hakuoa, aliishi hapohapo mgodini. Alivutana pia na kundi la De Beers, lililodhibiti soko la almasi duniani, kuhusu namna ya kuuza mawe yake.

Alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50. Mwaka huohuo warithi wake waliuza mgodi, ukamilikiwa nusu kwa nusu na De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika.

Miaka mitatu baadaye Tanganyika ikapata uhuru. Swali la nani anufaike na utajiri wa ardhi ya Shinyanga likabaki mikononi mwa wenyeji, na hadi leo linasikika kuanzia Mwadui hadi kwenye dhahabu ya Geita.