Dan Crawford, Mkusanya Watu wa Ziwa Mweru

Miongoni mwa majina ya watu wa kale yanayokumbukwa kandokando ya Ziwa Mweru, jina la Dan Crawford, Mskoti aliyefariki dunia mwaka 1926, lina mahali pake. Hakuwa mkuu wa jeshi wala gavana. Hakupokea mshahara wa serikali yoyote, wala hakuwa na chama cha kanisa kilichomlipa posho ya kila mwezi. Hata hivyo wenyeji walimpa jina la Konga Vantu, maana yake mkusanya watu, na sauti ya jina hilo haiko mbali na neno letu kongamano. Maisha yake yafaa yasomwe na askari na polisi, kwa sababu kazi yake kubwa ilianza siku ile kazi ya bunduki ilipokwisha.

Ziwa Mweru liko mpakani mwa Zambia na Kongo. Mto Luapula huingia kwa upande wa kusini, na mto Luvua hutoka kwa upande wa kaskazini, mahali paitwapo Pweto. Mtu asimamaye ufukoni Nchelenge, upande wa Zambia, akitazama magharibi, mbele yake kiko kisiwa cha Kilwa, na ng'ambo ya kisiwa hicho ni nchi ya Kongo. Luanza, kijiji cha Crawford, kilijengwa katika ufuko huo wa Kongo, kaskazini zaidi. Wakoloni walipitisha mpaka wao katikati ya maji, lakini watu wa pande zote mbili ni wavuvi na wakulima wa ziwa moja, na historia ya ufuko mmoja haisimuliki vema pasipo ya ufuko wa pili.

Crawford alizaliwa Desemba 1870 katika mji wa Gourock, karibu na mlango wa mto Clyde, nchini Uskoti. Baba yake alikuwa nahodha, naye alifariki mwanawe angali mdogo. Kijana huyo aliacha shule mapema akafanya kazi ya ukarani. Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 18, alijiunga na Frederick Stanley Arnot, mmisionari aliyekuwa akirudi Afrika ya Kati. Walishuka pwani ya Benguela, Angola, wakapita Bihe, na baada ya safari ndefu ya miguu Crawford na wenzake wawili wakafika Bunkeya, katika nchi ya Katanga, mwishoni mwa mwaka 1890.

Mtawala wa Bunkeya alikuwa Msiri, mtu mwenye asili ya Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Alikuwa amekwenda huko kwa biashara, kisha yeye na wafuasi wake, waitwao Wayeke, wakajenga dola kwa shaba, pembe za ndovu, watumwa na bunduki. Misafara yake ilifika pwani zote mbili za bara, Benguela na mwambao wa Unguja. Mji wake ulijaa watu wa makabila mengi, wengine wakiwa wamekuja kwa hiari na wengine wakiwa wameletwa kama mateka. Utawala wake ulikuwa mkali, wala hakuna haja ya kuupamba. Crawford na wenzake waliishi hapo kama wageni chini ya amri yake, wakingoja barazani kama wangojavyo raia wengine.

Mwezi Desemba 1891 msafara wa kijeshi uliotumwa kwa manufaa ya Leopold, Mfalme wa Ubelgiji, uliingia Bunkeya. Kiongozi wake alikuwa Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada, naye alifuatana na mamia ya askari na wapagazi, wengi wao wakiwa wameajiriwa Unguja na mwambao wa Afrika Mashariki. Stairs alimtaka Msiri akubali bendera ya Leopold, na Msiri akakataa. Tarehe 20 Desemba, katika mabishano yaliyotokea wakati wa kutaka kumkamata, Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akamwua, na Bodson naye akapigwa risasi ya kufisha papo hapo. Kichwa cha Msiri kikakatwa.

Askari anayesoma habari hii yampasa atue hapa kidogo. Wengi wa walioshika bunduki siku ile walikuwa watu wa pwani yetu, wasemao Kiswahili, walioajiriwa kwa ujira katika ugomvi usiowahusu, na aliyeuawa alikuwa na asili ya huku huku kwetu. Kwa kipimo cha amri waliyopewa, kazi ilikamilika: mfalme mkaidi ameondolewa na bendera imesimama. Lakini msafara haukuwa na mpango wowote kwa ajili ya raia wa mji ule. Njaa ikaingia, na ikawauma hata askari wa msafara wenyewe. Watu wakatawanyika makundi kwa makundi, wengine wakitafuta nchi walikotekwa, wengine wasijue pa kwenda. Stairs mwenyewe hakufika kwao, kwani aliugua akafariki mwezi Juni 1892, karibu na mlango wa mto Zambezi.

Crawford alikuwa na umri wa miaka 21. Mfalme aliyempokea amekufa, mji umevunjika, na njia ya kurudi kwao ilikuwa wazi kwa yeyote aliyechoka. Yeye akabaki. Baada ya muda akaelekea upande wa mashariki mpaka Ziwa Mweru, na wakimbizi wa dola iliyovunjika, Wayeke, Waluba, Wasanga na wengineo, wakamfuata. Katikati ya miaka ya 1890 kikaanza kijiji cha Luanza, juu ya mwinuko unaotazama maji. Hapo palikuwa na samaki, palikuwa na ardhi ya kulima, na ziwa lilikuwa barabara ya mitumbwi kwenda kila upande.

Yafaa ieleweke kwamba Crawford hakukijenga kijiji hicho kwa mikono yake peke yake. Waliokata miti, waliofyatua matofali, waliolima na kuvua, ni wale wakimbizi wenyewe, na wengi wao walikuwa watumwa jana yake. Jambo alilowapa ni uhakika kwamba atakuwapo kesho. Kijiji kikapata barabara pana iliyonyooka, nyumba za matofali na shule. Watu ambao mababu zao walikuwa wakitekana wakawa majirani, na watoto wao wakakaa darasa moja. Crawford aliizunguka nchi kwa miguu na kwa mtumbwi, akalala katika vijiji, akasikiliza zaidi ya alivyosema. Hata kisiwani Kilwa, ambako mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Simba alikuwa amejikita na watu wake wenye bunduki, Crawford alifika akaonana naye.

Silaha yake kuu ilikuwa lugha. Alijifunza Kiluba cha Wasanga mpaka akaweza kufikiri kwa lugha hiyo, na kwa msaada wa wenyeji akatafsiri Agano Jipya, lililochapishwa mwaka 1904. Mwaka 1896 alifunga ndoa na Grace Tilsley, aliyemfuata kutoka Uingereza kupitia njia ya Nyasa, na mama huyo akaishi naye Luanza. Tangu alipoondoka kwao mwaka 1889, Crawford hakurudi hata kwa likizo mpaka mwaka 1911, yaani miaka 22. Maofisa wa kikoloni walikuja na kuhamishwa, makampuni yalibadilisha wakurugenzi, lakini mwanakijiji wa Luanza aliamka kila siku akamkuta mtu yule yule.

Ili kuipima kazi hiyo, na tuutazame ufuko wa pili, upande wa Nchelenge. Huko kampuni ya Cecil Rhodes ndiyo iliyokuwa ikitawala kwa jina la Uingereza. Mwaka 1899 kikosi kilichoongozwa na Alfred Sharpe kiliuteketeza mji mkuu wa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula. Kisha, kuanzia mwaka 1908, ugonjwa wa malale ulipoenea, watawala waliamuru watu waondolewe kandokando ya Luapula na ziwa, ili wawe mbali na mbung'o. Maradhi yalikuwa ya kweli, na hofu ilikuwa na sababu. Lakini wavuvi walihamishwa mbali na maji yaliyowalisha, mitumbwi ikapigwa marufuku, na ikapita miaka mingi kabla ya watu kuruhusiwa kurudi. Katika ufuko huo, amri ilimfikia mwananchi kama jambo lililokwisha kukatwa mahali pengine.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumfanya Crawford malaika. Kwa kuwa watu walimkimbilia, walimletea pia mashauri yao, na taratibu akawa mwamuzi na karibu chifu, ingawa hakuna raia aliyemchagua. Wanahistoria walioyachunguza mambo ya Katanga wameonyesha jinsi wamisionari wa kundi lake walivyojikuta wakishika madaraka ya dunia ambayo hawakuja kuyatafuta, na jinsi walivyoyazoea. Aidha, kijiji chake kilisitawi chini ya dola ya Leopold, ambayo katika sehemu nyingine za Kongo ilikuwa ikiwatesa na kuwaua watu kwa ajili ya mpira. Na kitabu chake kikubwa, Thinking Black, kilichotoka London mwaka 1912, kinamhimiza mgeni ajifunze kuwaza kama Mwafrika, lakini ndani yake hayakukosekana maneno ya dharau ya zama zile. Alikuwa mtu wa wakati wake, na wakati wenyewe ulikuwa wa kikoloni.

Kitabu hicho kilimpatia sifa. Alihutubia Uingereza, Marekani na Australia, na kumbi zikajaa. Angeweza kuzeeka huko kwa raha. Lakini mwaka 1915, dunia ikiwa vitani, alikuwa amerudi Luanza, akaendelea na shule, safari za vijijini na tafsiri ya Agano la Kale, aliyoikamilisha muda mfupi kabla ya mauti yake. Kifo chake kilitokana na jeraha dogo la mkononi alilolipuuza. Jeraha likaingiwa na sumu, na tarehe 3 Juni 1926, akiwa na umri wa miaka 55, akafariki dunia pale pale Luanza.

Miaka kumi baadaye, nchini India, Gandhi alihamia katika kijiji cha Segaon, kilichokuja kuitwa Sevagram, akawataka vijana wenye elimu wakaishi vijijini badala ya kuvitembelea. Wawili hawa walitofautiana kwa mengi: mmoja aliwaongoza watu wake kuupinga utawala wa kigeni, na mwingine alikuwa mgeni katika nchi iliyotawaliwa. Lakini walikubaliana katika jambo moja, kwamba maendeleo ya kijiji hayaletwi na mtu apitaye njia.

Mlinzi wa Taifa hakuajiriwa awe mmisionari. Siku nyingine atatumwa mahali palipovunjika, na kazi yake ya kwanza itakuwa kuzima moto. Lakini akumbuke Bunkeya. Kumwondoa Msiri kulichukua dakika chache, na waliofanya hivyo waliondoka wakiwaachia wengine njaa na watu waliotawanyika. Kuwakusanya tena baadhi ya watu hao kulimchukua kijana mmoja pamoja na wakimbizi wenyewe miaka zaidi ya 30. Askari ajuaye hesabu hiyo atauliza mapema, kabla ya kuondoka, nani atabaki na raia, watakula nini, na watoto wao watasoma wapi. Naye polisi akaaye kituo kimoja miaka mingi, akiijua lugha ya watu na majina ya watoto wao, asidhani kwamba amesahauliwa. Huenda katika kituo hicho yeye ndiye Konga Vantu.