Grzimek: Mzee wa Serengeti Aliyeleta Sokwe Ziwa Victoria

Muulize mwanachuo yeyote wa Geita kwao kuna nini. Atakwambia dhahabu. Atakutajia GGM, atakutajia Nyarugusu, na kama ana ndugu Kahama atakuongezea Bulyanhulu. Wa Shinyanga naye atakuja na almasi ya Mwadui na ng'ombe wa Wasukuma. Sokwe hawamo kabisa kwenye orodha. Na hapo ndipo tunapokosea, maana kisiwa cha Rubondo, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, leo kiko mkoa wa Geita, na msituni mwake wanaishi sokwe ambao babu na bibi zao walikuwa kwenye vizimba vya Ulaya. Walifikaje huko? Jibu linaanzia kwa mzee mmoja Mjerumani aliyezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Jina lake Bernhard Grzimek.

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, wakati huo Ujerumani, leo uko Poland na unaitwa Nysa. Alisomea udaktari wa mifugo. Kazi zake za mwanzo wala hazikuhusu simba na tembo. Zilihusu kuku na mayai. Kuna ukurasa wa maisha yake ambao mwenyewe hakupenda ufunguliwe: enzi za Hitler alikuwa mtumishi wa wizara ya chakula na kilimo kule Berlin, na mwaka 1937 alijiunga na chama cha Nazi. Baada ya vita aliukana uanachama huo, ila kumbukumbu za chama zikaja kumuumbua. Tunaosoma maisha yake tusiuruke ukurasa huo, hata kama mengine yote aliyofanya yanatupendeza.

Mwaka 1945 akakabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Kukabidhiwa ni neno zuri tu, maana mabomu yalikuwa yameshaifanya kifusi na wanyama waliobaki walikuwa wachache mno. Mji wenyewe ulikuwa na njaa. Watu wengi walidhani bustani ingefungwa moja kwa moja. Yeye akaifungua mwaka huohuo, akaleta maonyesho na michezo ili watu walipe kiingilio, akaiendesha mpaka mwaka 1974. Hapo alijifunza jambo lililomwongoza maisha yote: mnyama hataokolewa na watu wasiowahi kumwona.

Ndiyo maana alipoingia kwenye televisheni mwaka 1956 aliingia mzima mzima. Kipindi chake kilirushwa kwa zaidi ya miaka 30, na mara nyingi alikaa mezani na mnyama hai pembeni yake, anaongea taratibu kama babu anayesimulia hadithi. Kuna kisa kinachojulikana sana kuhusu ujanja wake. Aliwatangazia watazamaji kwamba sasa kuna safari za bei nafuu za kwenda Afrika Mashariki kuona wanyama. Safari hizo hazikuwepo! Watu wakamiminika kwenye makampuni ya usafiri kuziulizia, na makampuni yakalazimika kuzianzisha. Kwa lugha ya mtaani, jamaa alipiga promo kwanza, biashara ikafuata. Utalii wa leo wa Serengeti una mizizi mingi, na mmojawapo ni huo uongo mdogo.

Tanganyika yenyewe alikuja na mwanawe Michael. Desemba 1957 baba na mwana walitoka Ujerumani na ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia. Walikuwa wametengeneza filamu iliyowaingizia fedha, na wazo lao la kwanza lilikuwa kununua ardhi ya kuiongezea Serengeti. Mkuu wa hifadhi za wakati huo aliwashauri wafanye kitu chenye manufaa zaidi: wahesabu wanyama na wajue wanahamia wapi, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa inataka kubadilisha mipaka ya hifadhi na hakuna aliyekuwa na takwimu. Basi wakahesabu kutoka angani, mstari kwa mstari. Nyumbu walipata takriban 100,000.

Tarehe 10 Januari 1959, Michael akiwa peke yake angani, ndege iligonga tumbusi ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Akazikwa juu ya kreta ya Ngorongoro, na kaburi lake likajengewa piramidi ya mawe. Baba yake akamalizia kazi ya wote wawili, kitabu na filamu, na filamu ile ya Serengeti ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Mwaka huohuo wa msiba, mipaka ilishabadilishwa: Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la peke yake, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti wakahamishwa. Grzimek alipinga kumegwa kwa hifadhi. Kuhamishwa kwa wafugaji hakukumsumbua. Aliamini kwa dhati kwamba ng'ombe na wanyamapori hawawezi kukaa pamoja.

Hapa historia ikamfanyia kejeli. Nyumbu wa Serengeti walirudi, tena kwa kishindo. Hesabu ya mwaka 1961 ilipata zaidi ya 200,000, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja. Nini kiliwarudisha? Kwa sehemu kubwa ni sindano ya ng'ombe. Ugonjwa wa sotoka, uliofyeka mifugo na wanyamapori wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1890, ulikuwa unaua ndama wa nyumbu kila mwaka. Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti walipochanjwa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia, na ndama wakaanza kukua. Vijiji hivyo ni pamoja na vya Maswa, Meatu na Bariadi, ambavyo mpaka mwaka 2012 vilikuwa mkoa wa Shinyanga. Yaani Msukuma aliyeswaga ng'ombe wake kwenda kuchanjwa alikuwa anamwokoa nyumbu bila kujua, wakati daktari wa mifugo mashuhuri kuliko wote alikuwa anamwona mfugaji kama tishio.

Sasa twende Rubondo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 idara ya wanyamapori ya Tanganyika ilikuwa inatafuta mahali pa kuwaficha wanyama walio hatarini, mahali ambapo maji yenyewe yangekuwa ukuta. Rubondo ilifaa: msitu mnene, kilomita za mraba 240 hivi za nchi kavu, maji kila upande. Mwaka 1965 kikatangazwa kuwa pori la akiba. Grzimek na shirika lake la Frankfurt wakaingia kwa nguvu na fedha. Wakaletwa faru weusi 16, wakaletwa twiga, mbega, korongo, na baadaye tembo. Wenyeji wa zamani wa kisiwa, nzohe na viboko, wakapata majirani wapya.

Wageni walioshangaza zaidi walikuwa sokwe. Kati ya mwaka 1966 na 1969 walishushwa hapo kwa awamu sokwe wapatao 17. Asili yao ilikuwa Afrika Magharibi. Walikamatwa wakiwa wadogo wakauzwa Ulaya, na kwa miaka waliishi kwenye bustani na sarakasi. Wengine hawakuwa wameona msitu tangu utotoni. Hakukuwa na mafunzo yoyote ya kuwaandaa. Vizimba vilifunguliwa, wakaambiwa kwa vitendo: haya, nendeni. Wataalamu wengi wa leo wasingethubutu. Baadhi ya madume, kwa kuwa walishazoea binadamu na hawakuwaogopa, walishambulia watu, na wawili wakapigwa risasi. Waliobaki walijifunza wenyewe matunda ya kula na namna ya kujenga viota vya kulalia mitini. Wakazaa. Vizazi vilivyofuata havijui kizimba ni nini, na leo idadi yao ni zaidi ya mara mbili ya wale walioletwa.

Faru hawakubahatika. Miaka ya 1970 na 1980, bei ya pembe ilipopanda, majangili walivuka maji na kuwamaliza wote. Maji yaliyowazuia faru kutoka hayakumzuia mtu mwenye mtumbwi na bunduki kuingia. Kwa hiyo kisiwa kilekile, mpango uleule, mnyama mmoja alirudi na mwingine akatoweka.

Kuna kundi la tatu ambalo vipeperushi vya utalii hulitaja kwa mstari mmoja, au hakuna kabisa: watu. Rubondo haikuwa tupu. Wazinza walikuwa wakiishi pale, wanavua na kulima, na katika miaka ya 1960 wakahamishiwa visiwa vya jirani na vijiji vya bara. Mwaka 1977 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa, na mipaka yake ikaingia hadi majini. Ndani ya mipaka hiyo huruhusiwi kutupa wavu. Kisayansi sababu ni nzuri: maji tulivu ya Rubondo ni mazalia ya sato na sangara, na samaki wakizaliana humo hutoka na kwenda kuvuliwa nje. Ila ukiwa kijana wa mwalo wa Nkome, umekopa mafuta ya injini na nyavu zinarudi tupu, mazalia hayo unayaona kama ghala la mtu mwingine.

Je, lazima iwe hivyo, mnyama arudi na mtu asukumwe pembeni? Tuangalie sehemu nyingine yenye mazalia ya majini, mbali kabisa, upande wa Pasifiki wa Mexico. Kila mwaka nyangumi wa kijivu husafiri kutoka bahari za kaskazini hadi ghuba tulivu za Baja California kuzaa na kunyonyesha. Katikati ya karne ya 19 wawindaji walizigundua ghuba hizo, wakaingia na kuua mama na watoto mpaka nyangumi wakakaribia kwisha. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1946 ukakataza uwindaji wa biashara, na kufikia miaka ya 1990 walikuwa zaidi ya 20,000. Leo katika ghuba ya San Ignacio watalii huenda kuwaona mama na watoto wao, na wanaoendesha boti nyingi ni wavuvi wa palepale, kwa vibali na kwa idadi maalumu ya boti majini. Msimu wa nyangumi unapofika, uvuvi unapishwa. Tusipambe, maana tangu mwaka 2019 nyangumi hao wamepungua tena sana kwa sababu chakula chao kule kaskazini kimeyumba. Lakini pale ghubani mvuvi ana sababu ya kumlinda nyangumi, kwa kuwa usukani uko mkononi mwake.

Grzimek alijua nusu moja ya somo hilo kuliko mtu yeyote wa zama zake. Alijua kwamba macho ya mtazamaji huleta fedha, na fedha huleta ulinzi. Alishirikiana na serikali ya Mwalimu Nyerere, akachangisha kwa Wajerumani kupitia televisheni, na mpaka leo shirika lake lina miradi hapa nchini. Nusu ya pili, kwamba anayeishi jirani na mnyama ndiye mlinzi wa kwanza, hakuwahi kuipa uzito huohuo. Watazamaji wake walikuwa Frankfurt na Berlin. Nkome na Meatu walikuwa wanatazamwa tu.

Alifariki tarehe 13 Machi 1987, akiwa na miaka 77. Alikuwa amewapeleka watoto sarakasi kule Frankfurt, na akafa akiwa amekaa anaangalia chui milia. Majivu yake yakaletwa Ngorongoro, yakawekwa pembeni ya Michael. Ukipita barabara ya kreta utaiona piramidi yao.

Kwa sisi tulioko vyuoni kazi iko wazi. Sokwe wa Rubondo wanazoeshwa binadamu ili wageni waweze kuwafuata msituni na kuwaona, na shughuli hiyo inahitaji waongozaji, manahodha, wapishi, watafiti wa samaki, wahasibu. Dhahabu ya Geita ikichimbwa imekwisha. Sokwe anazaa, na sato anazaa. Kama nafasi hizo zitachukuliwa na watu kutoka mbali huku kijana wa Nkome akikutana na hifadhi pale tu anapokamatwa na nyavu, tutakuwa tumerithi kosa la mzee pamoja na kazi yake nzuri. Wanaosoma uvuvi, wanyamapori na utalii, hasa wenye kwao kule, tafuteni mafunzo kwa vitendo Rubondo kabla hamjatafuta Arusha. Na mkifika, ulizeni wazee wa mwambao nani aliishi kisiwani kabla ya sokwe. Bado wapo wanaokumbuka.