Viktor Chukarin: mateka aliyerejea akawa bingwa

Ikitajwa Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Helsinki, Finland, mwaka 1952, jina linalotujia kwanza sisi wa nchi ya wakimbiaji ni la Emil Zátopek, yule Mcheki aliyeshinda mbio za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika muda wa siku nane. Ni haki yake kukumbukwa. Hata hivyo, Zátopek hakuwa mwanamume aliyeondoka Helsinki na dhahabu nyingi zaidi. Yeye alipata tatu. Nne zilikwenda kwa mtu mpole wa miaka 30, mchezaji wa jimnastiki, ambaye miaka saba tu kabla ya hapo hakuwa na nguvu hata za kuubeba mwili wake mwenyewe. Jina lake ni Viktor Chukarin.

Chukarin alizaliwa Novemba 1921 kusini-mashariki mwa Ukraine, akalelewa karibu na mji wa bandari wa Mariupol. Alipenda tangu utotoni mchezo huu wa kupinda viungo, kubiringika hewani na kuning'inia kwenye vyuma. Kufikia mwaka 1940 alikuwa bingwa wa Ukraine. Mwaka uliofuata majeshi ya Ujerumani yakauvamia Muungano wa Kisovieti, naye kijana wa miaka 19 akaingia vitani. Hakukaa sana. Alijeruhiwa na kukamatwa katika eneo la Poltava, na kwa muda wa karibu miaka minne akawa mateka.

Hebu tulitazame neno hilo, mateka. Limetokana na kitenzi teka, na katika Kiswahili huwataja watu waliokamatwa vitani pamoja na mali iliyonyakuliwa humo humo vitani. Mtu na ng'ombe, mtu na gunia la nafaka, wote ni mateka. Lugha haikukosea. Ndivyo vita vinavyomfanya binadamu: vinamwondoa katika jamii ya watu na kumweka katika orodha ya vitu. Chukarin alipitishwa katika kambi 17, mojawapo ikiwa Buchenwald, iliyosifika kwa mauti. Huko hakuitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa kwa nambari.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa na uzito wa kilo 40 hivi. Husimuliwa kwamba alipobisha mlangoni kwao, mamake hakumjua. Alimtambua kwa kovu la utotoni lililokuwa kichwani mwake. Mama aliyemzaa alihitaji alama ili amjue mwanawe!

Hata hivyo, dhiki ya mateka wa Kisovieti haikumalizikia kambini. Agosti 1941 serikali ya Stalin ilikuwa imetoa Amri Nambari 270, iliyowahesabu makamanda waliojisalimisha kuwa wasaliti na hata kuwatia hatarini jamaa zao. Shaka hiyo ikawaandama askari wa kawaida pia. Waliorudi kutoka Ujerumani walihojiwa na kuchunguzwa, na wengi miongoni mwao wakapelekwa katika kambi za kazi za nchi yao wenyewe. Mtu alinusurika kwa adui, kisha akaulizwa na ndugu zake kwa nini hakufa.

Chukarin alikuwa na bahati ambayo wengi hawakuipata: mlango mmoja ulifunguka. Katika mji wa Lviv, magharibi mwa Ukraine, kulianzishwa chuo cha elimu ya mazoezi ya mwili mwaka 1946, naye akapokewa huko kuwa mwanafunzi. Akaanza upya kazi ambayo vijana wengine huianza wakiwa watoto. Katika mashindano ya taifa ya mwaka huo alishika nafasi ya 12. Mwaka 1947 akawa wa tano. Mwaka 1948 akawa wa tatu. Mwaka 1949 akawa bingwa, akiwa na umri wa miaka 27, na akaushikilia ubingwa huo miaka miwili iliyofuata. Wahenga hawakukosea waliposema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwaka 1952 Muungano wa Kisovieti ulishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mashindano ya jimnastiki ya wanaume humtaka mtu aonyeshe ustadi wa namna sita, na karibu yote hutegemea mikono. Juu ya farasi wa mbao mwenye vishikio, mchezaji huizungusha miguu yake pasipo kuachia chochote kigusane na farasi ila viganja. Katika pete zinazoning'inia, mwili mzima husimama hewani kwa nguvu za mabega. Mikono ile iliyokuwa mifupa mitupu mwaka 1945 ndiyo iliyombeba Chukarin hadi dhahabu ya mchezaji bora kwa jumla, dhahabu ya farasi wa vishikio, dhahabu ya kuruka na dhahabu ya timu. Akaongeza fedha mbili. Aliyekuwa wa pili kwa jumla, mwenzake Hrant Shahinyan wa Armenia, naye alikuwa amejeruhiwa mguu katika vita vile vile.

Mwaka 1954 alikuwa bingwa wa dunia mjini Roma, akiugawana ushindi na mwenzake Valentin Muratov. Kisha ikaja Melbourne, Australia, mwaka 1956. Chukarin alikuwa na miaka 35. Watangazaji wetu wa michezo wangalimwita mkongwe, neno ambalo kwa asili humtaja aliyechakaa kwa uzee, lakini ambalo siku hizi humwangukia mchezaji yeyote aliyepita miaka 30. Mkongwe huyo alipambana na Takashi Ono wa Japan hadi zoezi la mwisho, akamshinda kwa alama 114.25 dhidi ya 114.20. Alirudi nyumbani na dhahabu tatu zaidi, na jumla ya nishani zake za Olimpiki ikawa 11, saba zikiwa za dhahabu.

Melbourne ina maana nyingine kwetu. Hiyo ndiyo Olimpiki ya kwanza ya Kenya, na ndiko Nyandika Maiyoro alikomaliza wa saba katika mita 5,000. Na wakati Maiyoro akikimbia na Chukarin akizunguka hewani, maelfu ya Wakenya walikuwa kizuizini Manyani na kwingineko, kwa maana hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Hao nao walirejea baadaye, wamekonda, wengine wakakuta mashamba yao yana wenyewe wapya na majirani wakiwatazama kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo habari za Chukarin si za mbali kama zinavyoelekea kuwa.

Ni rahisi kuyasoma maisha haya kama mahubiri juu ya uvumilivu na kuishia hapo. Naamini kufanya hivyo ni kumpunja. Uvumilivu alikuwa nao, tena mwingi, lakini bila shaka walikuwapo mateka wengine wavumilivu kama yeye ambao hatujui majina yao, kwa sababu waliporudi hawakupata chuo wala kazi, bali walipata faili la tuhuma. Tofauti kati ya bingwa na aliyesahauliwa haikuwa nguvu za moyo peke yake. Ilikuwa pia mtu fulani aliyekubali kumwandikisha mwanafunzi aliyedhoofika bila kumdai athibitishe kwanza kwamba anastahili kuwa hai.

Baada ya kuacha mashindano Chukarin aliwafundisha vijana jimnastiki huko huko Lviv, na huko ndiko alikofariki Agosti 1984. Urusi ilitoa amri ya kuwarudishia haki mateka wa zamani mnamo Januari 1995. Alikuwa kaburini zaidi ya miaka kumi.

Kwetu pia wapo wanaorejea kila siku: kutoka gerezani, kutoka wodi za wagonjwa wa akili, kutoka vitani ng'ambo ya mipaka. Twawapokea kwa minong'ono, twawaomba barua za kuthibitisha tabia njema, kisha twashangaa wakizama tena. Hatutakiwi kuwafanya mabingwa. Hiyo ni kazi yao. Kazi yetu ni kuwafungulia mlango, na kuwaita kwa majina yao.