Jeevanjee: Tajiri aliyeleta makuli wa reli akapigania ardhi ya nyanda za juu

Kituo cha reli cha Kipkelion, katika kaunti ya Kericho, kiliitwa Lumbwa enzi za ukoloni. Reli ilipoteremka kutoka Mau Summit kupitia Londiani, Lumbwa na Fort Ternan hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria mnamo Desemba 1901, wengi wa waliotandika vyuma vyake walikuwa vibarua kutoka Bara Hindi. Miongoni mwa waliowaleta ni Alibhai Mulla Jeevanjee, ambaye jina lake wengi wanalijua leo kama bustani iliyo katikati ya jiji la Nairobi.

Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856 katika familia ya Mabohora. Hakupata elimu kubwa ya darasani. Mwaka 1886 alivuka bahari hadi Adelaide, Australia, akafungua biashara ya bidhaa za Mashariki. Miaka minne baadaye alifungua tawi Mombasa.

Wahindi hawakuwa wageni katika pwani hiyo. Kwa karne nyingi walikuja kwa majahazi yaliyongoja upepo wa kaskazi. Meli ya moshi haikungoja upepo. Tangu 1872, kampuni ya British India ilikuwa na huduma ya meli za barua kati ya Aden na Zanzibar, na mfanyabiashara wa Karachi aliweza sasa kupanga shehena yake kwa kalenda. Jeevanjee alilielewa jambo hilo mapema, na baadaye akawa na meli zake mwenyewe.

Serikali ya Uingereza ilipoamua kujenga reli ya Uganda, kampuni yake ilipata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka Punjab. Kundi la kwanza lilitua Mombasa mwaka 1896. Kampuni hiyo pia ilipata kazi ya kulisha vibarua, kuvunja mawe na kujenga majengo ya reli. Hapo ndipo utajiri wake ulipoota mizizi.

Kwa jumla, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India katika miaka ya ujenzi, kwa mikataba ya miaka mitatu. Karibu 2,500 walikufa. Simba wa Tsavo wamesimuliwa mno, lakini malaria, vidonda na kuhara viliwamaliza watu wengi kuliko simba. Wengi wa walionusurika walirudi kwao, na wapatao 6,700 wakabaki. Baadhi ya waliobaki, pamoja na ndugu zao waliowafuata, waliingia biashara ya duka. Kericho na Sotik ni miongoni mwa miji ambako maduka ya Wahindi yaliuza chumvi, blanketi na sukari kabla ya mche wa kwanza wa majanichai ya biashara kupandwa huko.

Mwaka 1901 Jeevanjee alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa. Mwaka 1905 aliliuza kwa Waingereza, Anderson na Mayer, wakalibadili jina kuwa East African Standard. Hivyo mojawapo ya magazeti makongwe zaidi nchini lilizaliwa mfukoni mwa mhamiaji kutoka Karachi, kisha kwa miaka mingi likawa sauti ya walowezi waliompinga.

Alijenga soko la Nairobi. Mwaka 1906 aliukabidhi mji bustani inayobeba jina lake, ikiwa na sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1909 aliteuliwa kuwa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria.

Fahari hiyo ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulipita kwenye nyanda za juu. Mwaka 1908 Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, alithibitisha kwamba Wahindi wasigawiwe ardhi huko. Waliojenga reli wangeweza kuuza chumvi kando yake, lakini si kumiliki shamba. Jeevanjee alipeleka malalamiko hadi London, na mwaka 1910 alitoa pendekezo lililowaghadhabisha walowezi: koloni hilo liwekwe chini ya serikali ya India, na baada ya miaka michache lingekuwa India ya pili.

Hapa ndipo sifa zake zinapopungua. Katika pendekezo hilo Mwafrika hakuhesabiwa. Miaka mitano tu kabla yake, mwaka 1905, majeshi ya Uingereza yalikuwa yamewaua Wakipsigis kwa mamia huko Sotik na kuchukua mifugo yao. Jeevanjee aliuliza kwa nini Mhindi asinunue ardhi sawa na Mzungu. Hakuuliza aliyekuwa akiiuza aliipata wapi. Wahindi waliosimama waziwazi na Waafrika, kama Manilal Desai na baadaye Makhan Singh, walikuja nyuma yake.

Kwa vyovyote, hakufanikiwa. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999 na kumpa gavana uwezo wa kuzuia ardhi isihamishwe kutoka rangi moja hadi nyingine. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ekari zipatazo 25,000 za Kericho ziligawiwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Walijaribu kilimo cha kitani, wakafilisika. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia, na Kericho ikageuka kuwa nchi ya majanichai. Waraka wa Devonshire wa 1923 ulitangaza kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie, lakini nyanda za juu zikabaki mikononi mwa Wazungu.

Jeevanjee, aliyekuwa pia miongoni mwa waasisi wa chama cha kisiasa cha Wahindi wa Afrika Mashariki mwaka 1914, alifariki Mei 1936 mjini Nairobi akiwa na umri wa miaka 80, utajiri wake ukiwa umepungua sana. Miaka miwili kabla ya kifo chake, serikali ilikuwa imepitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria.

Mwaka 1991 bustani yake ilinusurika kugeuzwa maegesho ya magari na majengo ya biashara. Aliyeongoza upinzani huo ni mjukuu wake, Zarina Patel, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha ya babu yake.