Mzee wa noti ya dola 100 na bomba la risasi

Wadau, yule mzee wa kwenye noti ya dola 100 wengi wanadhani alikuwa rais wa Marekani. Hakuwa. Ni Benjamin Franklin, na leo nawaletea upande wa maisha yake ulionigusa mimi kuliko ile habari ya tiara na radi.

Jamaa alizaliwa Boston mwaka 1706, baba yake mtengeneza mishumaa. Akiwa na miaka 12 akaanza uchapaji kwa kaka yake, na akiwa na 17 akatorokea Philadelphia. Mwaka 1724 akavuka bahari kwenda London, akapata kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Enzi hizo herufi za kuchapia zilikuwa za risasi (madini, siyo ya bunduki). Asubuhi za baridi alikuwa anazipasha motoni. Mfanyakazi mmoja mzee akamwonya kwamba atapooza mikono, maana wenzao wawili yalishataka kuwakuta.

Hakulisahau hilo. Mwaka 1767 akiwa mjini Paris, alipitia orodha ya waliotibiwa ugonjwa huo kwenye hospitali ya La Charité. Karibu wote walikuwa mafundi wanaoshika risasi. Wachonga mawe na askari ndio walimchanganya, mpaka akaelezwa: wale huyeyusha risasi kushikizia vyuma kwenye mawe, hawa hufanya vibarua vya kusaga rangi.

Mwaka 1786, akiwa na miaka 80, aliandika yote hayo kwenye barua kwa rafiki yake. Akataja hadi familia iliyougua kwa kunywa maji ya mvua yaliyopita kwenye paa la risasi. Kilichomuuma ni kwamba ukweli unajulikana miaka nenda rudi na watu hawaufuati. Alifariki Philadelphia mwaka 1790.

Sasa cheki: mabomba mapya ya risasi Marekani yalikuja kupigwa marufuku mwaka 1986, miaka 200 baada ya barua ile! Ya zamani mengi bado yamefukiwa, hata Philadelphia kwenyewe. Na pale bomba linaloingiza maji nyumbani ni mali ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo ndugu zetu mliojipatia nyumba za zamani huko, kwangueni hilo bomba. Likiwa laini, likang'aa kama fedha na sumaku haishiki, hiyo ni risasi. Majini haionekani wala haina ladha, kuchemsha hakuiondoi, na inaharibu ubongo wa mtoto. Ng'oeni lote, muweke la shaba.

Mzee alishamaliza kusema. Wadau mnasemaje?